Waya wa Kijani: Erthi Likoni, Kisauni na Changamwe

Walio Likoni, Mtongwe na Shika Adabu, karibuni. Walio Kisauni, Mlaleo, Mtopanga mpaka Kiembeni, karibuni. Na walio Changamwe, Magongo, Chaani na Port Reitz, karibuni pia. Leo tunazungumza habari ya stima, lakini si bei ya tokeni. Hiyo tuiache, tusije tukapandishana presha.

Nianze na maswali matatu, nawe ujibu hapo hapo ulipo. La kwanza: umewahi kufungua friji ukiwa peku, sakafu ina majimaji, ukahisi kitu kinakutekenya vidoleni? La pili: msikitini, kanisani au harusini, spika zikiwashwa tu, kabla mtu hajasema neno, husikii mvumo mzito, mmmmm, unaokaa chini ya sauti mpaka shughuli inakwisha? La tatu: hiyo redio unayonisikilizia, ukiisogeza karibu na chaja ya simu, haikwaruzi?

Kama umejibu ndiyo hata mara moja, kaa nami. Maswali ni matatu, lakini mara nyingi mshukiwa ni mmoja. Ni waya wa erthi, ule wa kijani, au wa kijani wenye mistari ya manjano. Ama haupo, ama upo lakini umekatika njiani, ama unafika chini lakini ardhi yenyewe haiupokei. Nitalisema tena, maana ndilo lililonileta: haupo, umekatika, au ardhi haiupokei.

Sisi si wageni wa stima. Historia ya kampuni ya umeme yenyewe inaeleza kwamba mwaka 1908 mfanyabiashara wa hapa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, alinunua jenereta iliyokuwa ya Sultan Barghash kule Zanzibar, na ndipo ikazaliwa Mombasa Electric Power and Lighting Company. Kwa maneno mengine, stima yetu ya kwanza ilikuwa ya mtumba! Zaidi ya miaka 100 imepita, mitambo ya Kipevu iko hapo Changamwe, na bado waya mmoja kati ya mitatu tunauona kuwa wa ziada.

Chukua plagi ya pasi yako uitazame. Hii plagi ya pini tatu bapa tuliirithi kwa Waingereza. Kiwango chake kilitolewa mwaka 1947. Ile pini ya juu ni ndefu kuliko mbili za chini. Kwa nini? Ndani ya soketi kuna vijilango viwili vinavyoziba matundu ya chini, na pini ndefu ndiyo inayovifungua. Tena hutangulia kuingia na huwa ya mwisho kutoka. Pasi inakuwa imeshashikana na ardhi kabla ya kuonja moto, na inaachana na moto kabla ya kuachana na ardhi. Waliofikiria jambo hilo walikuwa na akili.

Sisi nasi tumefanya nini? Ingia kwa kinyozi yeyote. Utaona kifuniko cha biki kimechomekwa tundu la juu, kimeshaanza kuyeyuka pembeni, na plagi ya pini mbili imesukumwa kwa nguvu tundu za chini. Mashine inanyoa, muziki unalia, simu zinapata chaji. Nami nikubali kwamba mashine ya kunyoa na chaja ya simu zimetengenezwa ziwe na kinga maradufu, hazihitaji erthi. Tazama mgongoni utaona alama ya mraba ndani ya mraba. Ila mkono ukishazoea biki, kesho utaifanyia hivyo hivyo birika, na keshokutwa friji. Na kila kitu kitafanya kazi! Hapo ndipo penye mtego. Laivu inaleta, nyutro inarudisha, mambo yanakwenda. Erthi ni kama mtaro wa nyuma ya nyumba, mwaka mzima unauruka tu, mpaka siku mvua ya masika iamue kuingia sebuleni.

Sasa tusikilize kitu pamoja. Nina redio ndogo ya betri hapa mezani, nimeiweka kwenye AM, mahali pasipo stesheni. Mnasikia? Ni shhh ya kawaida. Sasa naisogeza karibu na chaja ya simu ya bei rahisi, ile inayouzwa barabarani. Mnasikia hiyo? Zzzzz. Naiondoa, inanyamaza. Naielekeza kwenye kompyuta hii ya studio, ambayo ina erthi ya kweli. Sauti ipo, lakini ni hafifu, na nikirudi nyuma hatua moja inapotea.

Tofauti iko wapi? Chaja, kompyuta, televisheni za kisasa na hata balbu za LED hukatakata umeme mara maelfu kwa maelfu kila sekunde ili kuubadilisha. Kukatakata huko ndiko kunakozaa kelele. Kifaa kizuri huwa na kichujio mlangoni mwa umeme, na kwa kompyuta kichujio hicho kinazisukuma kelele kwenye waya wa erthi zikafie ardhini. Kifaa cha rahisi mno hakina kichujio kabisa. Na kifaa kizuri kilichokoseshwa erthi kinakuwa na kichujio kisicho na pa kumwaga. Kelele zinabaki kwenye bati la kompyuta na kutembea kwenye nyaya zake zote, nazo zinageuka kuwa aerial.

Pengine utasema wewe husikilizi AM, ni FM tu. Sawa, FM inavumilia zaidi. Na televisheni je? Zamani kelele za stima tuliziona kwa macho, zilikuwa chenga. Tangu tuhamie dijitali mwaka 2015 chenga zimekwisha, sasa picha inaganda, inavunjika vipande vya mraba, sauti inakatika. Watu wanalaumu king'amuzi. Wengine wanapanda juu ya bati kugeuza aerial. Kumbe mgeuze utakavyo, huenda adui yuko ukutani.

Na je, umewahi kutekenywa na bati la kompyuta? Ni kichujio hicho hicho. Kikikosa erthi, bati la nje linakaa katikati ya laivu na nyutro, yaani karibu nusu ya volti zetu 240. Volti 120 kwenye bati unaloshika kila siku! Kwa kawaida mkondo wake ni mdogo sana, wa kukutekenya tu. Lakini vifaa vinauhisi kuliko ngozi yako. Waulizeni vijana wenye vibanda vya michezo ya video kule Kisauni: ukichomeka waya wa HDMI huku mashine na televisheni zimewashwa na hazina erthi, cheche ndogo inaruka, na siku moja tundu la HDMI linakufa. Mwenye kibanda anasema mtoto amelivunja.

Upande wa friji, tafadhali nisikilizeni vizuri. Friji ya kawaida, isiyo ya inverter, haina sababu ya kukutekenya. Ikikutekenya, huenda kompresa au waya wake umeanza kuvujisha stima. Leo inatekenya, kesho inarusha. Kidole chako hakiwezi kupambanua mtekenyo wa kichujio na ule wa waya uliochubuka, kwa hiyo usikitumie kidole kupimia. Chomoa, ita fundi.

Nije kwenye muziki, maana huku kwetu shughuli haikosi spika. Na hapa nataka nikae kidogo.

Chukua harusi ya mtaani, hema limefungwa barabarani. Mikisa ya sauti iko upande wa wanawake, imechomekwa kwa ekstensheni kutoka nyumba moja. Amplifaya na spika kubwa ziko upande wa pili, zinakula stima ya nyumba nyingine. Waya wa sauti umepita katikati. Mfumo ukiwashwa, mmmmm. Kwa nini? Kwa sababu erthi ni mbili, na erthi mbili hazilingani hata siku moja. Moja ina volti chache juu ya mwenzake. Volti hizo zinatafuta njia ya kusawazishana, na njia iliyo karibu ni ile ngao ya waya wa sauti. Stima yetu hupinda na kurudi mara 50 kwa sekunde, nawe unaisikia ikipinda na kurudi ndani ya spika. Jambo zito zaidi ni kwamba nyumba mbili zaweza kuwa kwenye fezi mbili tofauti, na kati ya fezi na fezi pana volti 415. Mwimbaji aliyeshika chombo cha huku na maikrofoni ya kule asimame hapo katikati? Hapana jamani.

Dawa yake haina gharama. Stima ya vyombo vyote vya sauti itoke mahali pamoja. Soketi moja, ekstensheni moja nzito, na vyote vichomekwe hapo: mikisa, amplifaya, kinanda, laptopu. Nasema tena, mahali pamoja. Mvumo mwingi utakwisha siku hiyo hiyo. Ukibaki, mafundi sauti wana visanduku vya transfoma vinavyopitisha sauti bila kuunganisha erthi mbili.

Lakini mafundi wetu wengi wamegundua njia ya mkato. Wanakata waya wa erthi ndani ya plagi ya amplifaya. Mvumo unazimika papo hapo! Watu wanapiga makofi, fundi analipwa, anaitwa tena wiki ijayo. Alichofanya ni nini? Ameiacha amplifaya bila erthi yake, ikaegemea waya mwembamba wa maikrofoni. Siku laivu ikigusa bati la amplifaya, njia iliyobaki inapita kwa mtu aliyeshika maikrofoni.

Hayo si maneno ya kutishana. Mwaka 1972, mjini Swansea huko Wales, mpiga gitaa Les Harvey alikufa jukwaani alipogusa maikrofoni isiyo na erthi nzuri. Mwaka 2005, mjini Waco, Texas, mchungaji Kyle Lake alikufa akiwa ndani ya birika la ubatizo, aliponyoosha mkono kushika maikrofoni. Maji, maikrofoni na stima yenye hitilafu. Pwani yetu yenye jasho na miguu mitupu, nani atasema hayo ni ya ng'ambo?

Wapiga gitaa wenyewe wanaijua dalili moja. Ukishika nyuzi mvumo unapungua, ukiachia unarudi. Wengi huona ni maajabu ya gitaa. La hasha. Mara nyingi mwili wako wenyewe ndio unaonasa mvumo kama aerial, na ukishika nyuzi unaungana na erthi ya gitaa.

Sasa tushuke chini, kwenye udongo. Nilisema: haupo, umekatika, au ardhi haiupokei. Hili la tatu ndilo letu hasa sisi wa huku.

Bahari ni ardhi nzuri ya stima kupita zote. Zile nyaya za intaneti zilizotua Mombasa mwaka 2009, SEACOM na TEAMS, ni za aina ambayo vikuza mawimbi vyake chini ya bahari hulishwa stima kwa njia moja tu ya shaba. Njia ya kurudia ni maji ya bahari yenyewe. Je, umewahi kulifikiria hilo unapotazama video yako?

Basi mbona nyumba iliyo hatua chache kutoka ufuko wa Likoni ina erthi mbovu? Kwa sababu nyumba haikusimama baharini, imesimama juu ya matumbawe ya kale. Matumbawe yaliyokauka ni mawe, na mawe hayapendi kupitisha stima. Sehemu kubwa ya Kisauni ni mchanga, na mchanga haushiki maji. Mvua inanyesha asubuhi, jioni chini kumekauka. Changamwe wana bahati kidogo. Kule chini kuna mawe laini ya tabaka tabaka, ambayo wanajiolojia wameyapa jina la Changamwe yenyewe, na yakioza yanakuwa udongo wa mfinyanzi. Mfinyanzi unashika unyevu, na unyevu ndio unaopitisha stima. Fimbo moja ya erthi Magongo yaweza kufanya kazi ambayo fimbo mbili haziifikii Shelly Beach kule Likoni.

Ile fimbo ya erthi dukani huwa na urefu wa futi 4 hivi, ni chuma kilichopakwa shaba. Inatakiwa izame yote. Fundi anaanza kugonga nyundo. Futi moja, anakutana na jiwe la matumbawe. Anagonga tena, fimbo inarudi juu inamcheka. Hapo fundi mwaminifu anahama, anatafuta mahali pengine. Fundi mwenye haraka anachukua msumeno wa chuma, anaikata fimbo, anafunga klampu ya waya juu, anaweka kifuniko cha plastiki. Mwenye nyumba akija anaona fimbo imesimama vizuri, anashukuru, analipa. Kumbe chini kuna futi moja tu ya shaba ndani ya vumbi.

Ukitaka uhakika, mwambie fundi aizamishe ukiwa umesimama pale. Kama mwamba umekataa, fimbo au utepe wa shaba waweza kulazwa kwenye handaki, au mwamba utobolewe na tundu lijazwe udongo wa mfinyanzi. Zikiwa fimbo mbili, ziachane kwa umbali usiopungua urefu wa fimbo moja, zisibanane. Na chagua mahali penye unyevu wa kudumu, panapodondokea maji ya kiyoyozi au karibu na shimo la maji ya bafu. Wazee wa kazi hutia makaa na chumvi. Makaa sawa, yanashika unyevu. Chumvi mimi siiungi mkono. Inasaidia msimu mmoja, masika inaiosha, na kabla ya kuondoka inakula ile klampu ya fimbo.

Tena kuna suala la majira. Erthi iliyopimwa mwezi wa tano, mvua za masika zimeloweka kila kitu, itaonekana nzuri. Ipime kaskazi inapovuma, Januari au Februari, udongo umekauka mpaka mizizi inalia. Ikiwa nzuri wakati huo, itakuwa nzuri mwaka mzima.

Hebu tufanye hesabu moja tu, ni fupi. Tuseme erthi yako ina ukinzani wa omu 50, jambo la kawaida kwenye mchanga. Laivu ikagusa bati la friji. Volti 240 gawanya kwa 50: unapata chini ya ampea 5. Fyuzi ya plagi ni ya ampea 13. Je, itakatika? Haitakatika hata ukikaa mpaka alfajiri. Friji itabaki na moto, nawe umetulia ukidhani una erthi. Mafundi wengi huijaribu erthi kwa balbu, waya mmoja kwenye laivu na mwingine kwenye erthi, balbu ikiwaka wanasema iko sawa. Usijaribu nyumbani, tafadhali. Na hata hao mafundi inawadanganya, kwani kwa erthi hiyo ya omu 50 balbu ya wati 100 itang'aa karibu kama kawaida, na fyuzi haitashtuka. Mwulize fundi kama ana mashine ya kupimia erthi. Akikuonyesha balbu au bisibisi ya testa, mshukuru umtafute mwingine.

Kwa hiyo tukate tamaa, sisi wa mchanga na matumbawe? Hapana. Dawa ipo, ni ile swichi ya RCD inayokaa kwenye bodi ya meni, yenye kitufe kidogo kilichoandikwa T. Kazi yake ni kulinganisha stima inayotoka na inayorudi. Ikiona kiasi kidogo, miliampea 30, kimepotelea njia nyingine, inakata yote, kufumba na kufumbua. Erthi ya omu 50 inayoshindwa kukata fyuzi inatosha kabisa kuichokoza RCD. Lakini zote mbili ziwepo. Pasipo erthi, RCD hungoja mpaka wewe uguse friji ndipo ikate. Erthi ikiwepo, inakata kabla hujafika jikoni. Bonyeza hicho kitufe kila baada ya miezi michache. Isipokata, imekufa, ibadilishwe. Na msidanganyike: kitufe hupima RCD yenyewe, hakipimi erthi. Nyumba isiyo na erthi kabisa itafaulu mtihani wa kitufe.

Nipite haraka kwenye kule kukatika njiani. Nyumba za zamani, erthi ilifungwa kwenye bomba la maji la chuma. Mabomba yakaoza, tukaweka ya plastiki, na hakuna aliyekumbuka kwamba erthi imeondoka na bomba. Nyingine zimeliwa na chumvi ya pepo za baharini: chunguza klampu ya fimbo, ikiwa ya kijani na inachezacheza, haipo hiyo. Na nyingine zimeibwa. Mwezi wa Januari 2022 nguzo za njia kuu ya umeme zilianguka, wizi wa vyuma ukashukiwa, nchi ikaingia gizani, na Rais Uhuru Kenyatta akasimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa. Minara ilitangazwa na kila redio. Nani atatangaza nusu mita ya waya wa shaba iliyokatwa nyuma ya nyumba yako?

Fundi mwingine akikosa erthi hukopa nyutro. Anafunga kipande cha waya ndani ya soketi, kutoka nyutro kwenda erthi, na kijaribio kinaonyesha mambo safi. Hiyo ni hatari kubwa. Nyutro ikikatika kabla ya soketi, bati la kila chombo kilichochomekwa hapo linageuka laivu.

Na nyutro hukatika! Ikikatika nje, kwenye nguzo, ndipo unaposikia mtaa mzima televisheni zimeungua usiku mmoja. Nyumba za fezi tofauti zinaanza kugawana zile volti 415, mmoja anapata taa hafifu, jirani yake anapata volti za kuua friji. Ukiona taa za chumba kimoja zinafifia huku za kingine zinawaka kupita kiasi, au taa zako zinang'aa kuliko kawaida, zima meni swichi kwanza, kisha piga 97771 ya Kenya Power. Usingoje kuona kama itatulia.

Hapo watu huniuliza: mimi nina friji gadi, nina ile ekstensheni ya kuzuia radi, si nimemaliza? Friji gadi ni kitu kizuri, inakata stima ikipanda au ikishuka mno, na stima ikirudi inangoja kidogo kabla ya kuwasha kompresa. Lakini haikulindi wewe na bati lenye moto, hiyo si kazi yake. Na ekstensheni ya kuzuia mapigo ya umeme, sehemu kubwa ya kazi yake ni kulitupa pigo kwenye erthi. Ukiichomeka kwenye soketi isiyo na erthi, umenunua ekstensheni ghali. Kabla ya kununua gadi ya pili, lipia erthi ya kwanza.

Madereva wa malori ya mafuta wa Changamwe wao hawabishani na jambo hili. Lori likifika kupakia, kabla ya bomba la mafuta kufunguliwa, koleo la waya wa erthi linabanwa kwenye tangi, maana mafuta yakipita kwenye bomba huzaa umeme tuli, na cheche moja inatosha. Hakuna anayesema jana tulipakia bila koleo na hakikutokea kitu.

Nimalizie na swali la wapangaji, maana wengi mmepanga chumba na sebule, na mita ni ya mwenye nyumba. Fundi wa stima anatakiwa awe na leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati na mafuta, nawe una haki ya kumwuliza akuonyeshe. Kwa mwenye nyumba, msiende mmoja mmoja. Nendeni wapangaji wote pamoja, mwombeni vitu viwili tu: fimbo ya erthi iliyopimwa kwa mashine, na RCD kwenye bodi. Kwa nyumba ya vyumba sita, gharama hiyo ni ndogo kuliko friji moja mpya. Na akikawia, nyinyi wenyewe mwaweza kuanza na yaliyo mikononi mwenu. Toeni biki kwenye soketi. Badilisheni plagi zilizovunjika pini ya juu. Fungueni ekstensheni zenu zikiwa zimechomolewa, mtazame kama waya wa kijani umefungwa ndani au umekunjwa pembeni, maana ziko zinazouzwa na matundu matatu juu na nyaya mbili tu ndani.

Mwenye shawa ya maji moto ya papo hapo bafuni, ile inayowaka kichwani, wewe usingoje mwenye nyumba. Izime leo, uoge maji ya baridi mpaka fundi aipime. Kwa joto hili la Mombasa, sidhani kama nimekunyima kitu.

Muda wangu umekwisha, fundi mitambo ananionyesha kidole. Wiki ijayo, saa hizi hizi, tutazungumza habari ya inverta na betri za sola, maana nazo zina erthi yake na wengi wameniuliza.